Siku sita kwa Watrapisti: kutoka Chimay hadi Westmalle

Siku ya 1: Brussels hadi Chimay

Chimay iko kusini kabisa mwa Ubelgiji, karibu na mpaka wa Ufaransa, na treni ya abiria haifiki. Unapanda treni ya Charleroi, unabadilisha na kuingia ile ndogo ya kwenda Couvin, halafu unamalizia kwa basi. Kwenye ramani ni jirani, lakini ukihesabu kusubiri hapa na pale, nusu siku imekwisha. Jumapili mabasi ni ya kuhesabu kwa vidole, kwa hiyo ondoka siku ya kazi, na ondoka asubuhi.

Chimay ni moja ya nyumba za Watrapisti, shirika la wamonaki wa Kikatoliki wanaopika bia na kutengeneza jibini. Jambo la kwanza la kujua: mjini Chimay hakuna monasteri. Kuna ngome ya Maprinsi wa Chimay, mitaa ya mawe na maduka. Abasia yenyewe, Notre-Dame de Scourmont, iko kijiji cha Forges, kilomita kama 10 kusini mwa mji. Bia hupikiwa ndani ya kuta za abasia, kisha hupelekwa kwa malori ya tangi hadi kijiji cha Baileux, ambako hujazwa kwenye chupa. Jibini nalo hutengenezwa hukohuko Baileux. Anayefika akitarajia kumwona mmonaki akikoroga sufuria atarudi mikono mitupu: kiwanda cha bia hakipokei wageni, na kazi nyingi hufanywa na waajiriwa wa kawaida chini ya uangalizi wa wamonaki.

Uangalizi huo ndio moyo wa nembo ya pembe sita iliyoko kwenye chupa. Chama cha Kimataifa cha Watrapisti kiliundwa mwaka 1997, baada ya viwanda vya kibiashara kuzoea kuuza bia kwa picha za watawa wasiokuwepo. Masharti ni matatu: bidhaa itengenezwe ndani ya monasteri au jirani nayo, kazi isipite maisha ya sala, na faida iende kwenye mahitaji ya jumuiya na misaada. Watrapisti wanafuata Kanuni ileile ya Mtakatifu Benedikto wanayoifuata wamonaki wa Peramiho na Ndanda, ila kwa ukali zaidi. Sura ya 48 inasema mmonaki wa kweli ni yule anayeishi kwa kazi ya mikono yake.

Siku ya 2: Scourmont na Baileux

Asubuhi ni ya abasia. Kanisa, bustani na makaburi viko wazi, na kimya ni sehemu ya ziara. Wamonaki wa kwanza walifika mwaka 1850 kutoka abasia ya Westvleteren, kwenye uwanda wenye udongo duni uliotolewa na Prinsi wa Chimay. Mwaka 1862 walianza kupika bia, na mwaka 1876 wakaongeza jibini. Udongo duni unaotoa majani kuliko nafaka hufuga ng'ombe, na maziwa ya kiangazi yakizidi lazima yageuzwe kitu kinachokaa.

Bia ya leo ilizaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1948 Padri Théodore alitenga hamira moja safi, akisaidiwa na Profesa Jean De Clerck wa Leuven, ambaye amezikwa hapo abasiani. Kutenga hamira maana yake ni kuchukua seli moja kutoka kwenye mchanganyiko, kuizalisha peke yake, na kufukuza nyingine zote. Kabla ya hapo kila pishi lilikuwa bahati nasibu: leo tamu, kesho chachu.

Jibini ndilo la kuzingatia siku hii, kwa sababu watu huliona kama kiburudisho cha kuliwa na bia, kumbe ni kazi ngumu kuliko bia. Aina hii asili yake ni Port-du-Salut, abasia ya Watrapisti iliyoko Entrammes, Ufaransa, na karibu kila monasteri ya shirika hili inayotengeneza jibini imefuata njia hiyo.

Maziwa hupashwa moto hadi nyuzi 30 na kidogo, yanatiwa bakteria wa kuchachusha, kisha renneti, kile kimeng'enya cha kugandisha. Baada ya nusu saa na zaidi kidogo yameshikamana kama mtindi mzito. Kipimo cha zamani ni kuchomeka kisu na kukiinua taratibu: mpasuko ukiwa safi na maji yanayojitokeza ni ya kijani-njano, wakati wa kukata umefika. Maji yakiwa meupe, umewahi, na mafuta yatapotelea kwenye maji hayo. Mabonge hukatwa hadi yawe kama punje za mahindi. Hapo ndipo siri ya Watrapisti: sehemu ya maji ya maziwa hutolewa na nafasi yake hujazwa maji safi ya moto. Sukari ya maziwa inaoshwa, asidi haipandi sana, na jibini linatoka laini, la kupinda bila kuvunjika. Ukiosha kidogo mno, litakuwa chachu na la kumong'onyoka. Ukiosha kupita kiasi, linakuwa kama mpira usio na ladha.

Halafu linawekwa kwenye kalibu, linakandamizwa kwa mashine, linazamishwa kwenye maji ya chumvi, na linapelekwa chumba cha chini chenye nyuzi 12 hadi 14 na unyevu wa zaidi ya asilimia 90. Kila baada ya siku chache linageuzwa na kusuguliwa kwa maji ya chumvi. Kusugua huko kunaondoa kuvu na kuipa nafasi bakteria iitwayo Brevibacterium linens, inayopenda chumvi na unyevu. Ndiyo inayoleta rangi ya machungwa na harufu ya soksi. Ladha ya ndani ni pole kuliko harufu, na wengi hukataa kabla ya kuonja.

Mambo huharibika hivi. Jibini likivimba ndani ya siku moja au mbili na kujaa vitundu vidogo, ukamuaji ulikuwa mchafu, bakteria wa kinyesi wameingia. Likivimba na kupasuka baada ya wiki kadhaa, mara nyingi kosa liko kwenye malisho: majani yaliyovundikwa vibaya hubeba mbegu za Clostridium zinazostahimili joto la kuchemsha maziwa. Ganda likipasuka, chumba ni kikavu. Likiota manyoya ya kijivu kama ya paka, usuguaji ulicheleweshwa. Uchungu ukibaki ulimini, renneti ilizidi. Na hesabu ya kukumbuka ni kwamba lita 10 za maziwa hutoa takriban kilo moja ya jibini, kwa hiyo kila bonge linalotupwa ni ndoo ya maziwa.

Jioni, nyumba ya wageni ya Poteaupré, jirani na abasia, ina maonyesho na meza za kuonjea. Anza na Dorée yenye asilimia 4.8, kisha Nyekundu ya 7, Triple ya 8, na umalizie na Buluu ya 9, ambayo ilianza mwaka 1948 kama bia ya Krismasi. Triple inywe ikiwa na nyuzi 6 hadi 8, Buluu 10 hadi 12. Ukiagiza jibini lililosuguliwa kwa bia, kula na ganda lake, maana kazi yote imefanyikia hapo. Msafiri Mwislamu ajue mambo mawili: jibini hilo limegusa pombe, na renneti mara nyingi hutoka tumbo la ndama, kwa hiyo ni vema kuuliza duka kwa duka.

Kwa wasomaji wa Goma na Masisi, Scourmont si jina geni. Monasteri ya Mokoto, Kivu Kaskazini, ilianzishwa na wamonaki wa hapa mwaka 1954. Miaka miwili baadaye Watrapisti wa Koningshoeven, Uholanzi, nao walifungua Lumbwa nchini Kenya; jumuiya hiyo ilihamia Uganda mwaka 2008.

Siku ya 3: Chimay hadi Orval

Siku ya barabarani. Hakuna njia ya mkato kwa usafiri wa umma: unarudi Charleroi, unakwenda Namur, unashika reli ya Luxembourg hadi Libramont, kisha treni ya shamba inayopita Bertrix hadi Florenville. Kuanzia Florenville zimebaki kilomita kama 8 za msitu. Weka taksi mapema kwa simu; nje ya stesheni hakuna foleni ya taksi wala bodaboda. Mwenye gari anaimaliza safari hii yote kwa asubuhi moja.

Kulala kuna njia mbili: hoteli za Florenville, au nyumba ya wageni ya abasia, ambayo ni ya watu wanaotaka kusali au kunyamaza. Ukiomba nafasi huko, omba wiki nyingi kabla, na usifike na spika ya muziki. Usiku baada ya Komplini, sala ya mwisho ya siku, wamonaki huimba Salve Regina, wimbo wa Bikira Maria, taa zikiwa zimepunguzwa. Hata asiye Mkatoliki asikose.

Siku ya 4: Orval

Hadithi ya mahali hapa imechorwa kwenye kila kizibo: samaki aina ya trauti aliyeshika pete mdomoni. Wanasema Bibi Matilda wa Toscana, aliyekuwa mjane, aliangusha pete ya ndoa kwenye chemchemi, akasali, na samaki akaibuka nayo. Naye akasema hili ni bonde la dhahabu, val d'or, ndipo jina Orval likapatikana. Chemchemi bado ipo ndani ya magofu. Wamonaki wa kwanza walikuja mwaka 1070 kutoka Kalabria, Wasistersiani, shirika ambalo Watrapisti ni tawi lake, wakachukua nafasi mwaka 1132, na mwaka 1793 majeshi ya Mapinduzi ya Ufaransa yakachoma kila kitu. Magofu yanatembelewa kila siku. Tenga saa mbili, na usipite haraka bustani ya miti-dawa. Kiwanda cha bia ni habari nyingine: hufunguliwa siku chache tu za Septemba, na nafasi hujazwa mapema.

Ujenzi mpya ulianza mwaka 1926 kwa michoro ya Henry Vaes, na fedha zilikuwa haba. Kiwanda cha jibini kilianza mwaka 1928, cha bia mwaka 1931. Yaani bia ilijenga kanisa, na Vaes huyohuyo ndiye aliyechora glasi yake. Mpishi mkuu wa kwanza, Pappenheimer, alikuwa Mjerumani, na baadhi ya wenzake Wabelgiji walikuwa wamefanya kazi Uingereza. Ukiijua historia hiyo utaielewa bia: kimea na usafi wa Kijerumani, hopsi (maua yanayotia bia uchungu na manukato) za kuloweka za Kiingereza, hamira ya Kibelgiji.

Nje ya abasia Orval huuza bia moja, kwenye chupa ya sentilita 33, basi. Inapikwa hivi. Kimea cha shayiri, cheupe pamoja na kiasi cha kimea cha karameli, kinasagwa na kuchanganywa na maji moto. Mama wa Kichagga anayepika mbege anaijua kazi hii, ila kimea chake ni cha ulezi: nafaka iliyoota ina vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na kazi ya mpishi ni kutoviua kwa moto. Karibu na nyuzi 63 hutoka sukari ambayo hamira huimaliza yote. Karibu na 72 hutoka sukari ndefu ambazo hamira ya kawaida haiwezi kuzila, zikabaki kuipa bia uzito. Majimaji hayo matamu huchujwa, huchemshwa na hopsi, na huongezewa sukari ya miwa au viazi-sukari iliyopikwa, inayoongeza pombe bila kuongeza uzito.

Uchachuaji wa kwanza, wenye vurugu, ni siku 4 au 5. Baada ya hapo bia inahamishiwa matangi yaliyolala, kwenye nyuzi 15, ambako hukaa wiki mbili hadi tatu pamoja na mifuko ya hopsi zisizochemshwa. Hopsi ikichemka hutoa uchungu na kupoteza manukato. Ikilowekwa kwenye bia baridi hutoa manukato na uchungu kidogo tu.

Halafu, wakati wa kujaza chupa, Orval hufanya jambo ambalo viwanda vingi hulikimbia kama ukoma. Wanatia sukari kidogo, hamira mpya, na pamoja nayo Brettanomyces, hamira ya mwitu. Kwingine kidudu hiki kikionekana kwenye bomba moja, mipira yote inang'olewa na kuchomwa. Kinakaa kwenye mbao, kwenye mikwaruzo ya plastiki, chini ya pete za vali, na hakiondoki kwa maji ya moto ya kupitisha mara moja. Hapa kimeingizwa kwa mlango wa mbele, lakini mwishoni kabisa, kwa kipimo, na baada ya hamira ya kawaida kuwa imemaliza kula. Mpangilio huo ndio kila kitu. Kikiingia mapema, kitakula sukari yote ndefu na kuacha bia nyembamba yenye harufu moja tu. Bia ikijazwa chupa ikiwa bado na sukari nyingi, Brettanomyces itaendelea kutoa gesi hadi kizibo kiruke au chupa ipasuke. Ndiyo maana chupa ya Orval ni nene na nzito mkononi.

Chupa hupumzika wiki kadhaa kwenye joto la nyuzi 15 kabla ya kuuzwa, na lebo ina tarehe ya kujazwa. Isome kabla ya kulipa. Chini ya miezi sita utakutana na hopsi: ganda la chungwa, majani makavu, uchungu mkali. Ikikaribia mwaka, uchungu unalegea na zizi linafungua mlango: ngozi, nyasi kavu, farasi aliyetoka mvuani. Baada ya hapo inakauka zaidi na gesi kuongezeka. Lebo inasema asilimia 6.2, lakini kwa kuwa hamira ya mwitu haijaacha kula, pombe hupanda kidogo kadiri chupa inavyozeeka. Kwa maoni ya kalamu hii, kati ya miezi minane na kumi na minne ndipo hopsi na zizi hupatana. Anayependa uchungu mtupu atabisha.

Kwenye mgahawa wa À l'Ange Gardien, mlangoni mwa abasia, kuna pia Orval Vert, nyepesi, inayofanana na anayokunywa mmonaki mwenyewe mezani. Iagize pamoja na sahani ya jibini la Orval, ambalo ni laini na la maziwa zaidi kuliko lile la Chimay.

Siku ya 5: Rochefort

Fupi, kwa sababu cha kuona ni kidogo. Treni inarudi Libramont na kuendelea hadi Jemelle, mlangoni mwa Rochefort. Abasia ya Saint-Rémy inapika tangu mwaka 1899 na kiwanda hakionyeshwi. Tembea hadi ukutani, ingia kanisani, rudi mjini unywe. Namba 6, 8 na 10 kwenye vizibo si asilimia za pombe, ni mabaki ya kipimo cha zamani cha Kibelgiji cha utamu wa majimaji kabla ya kuchachuka. Namba 10 ina asilimia 11.3, na inapita kooni kama sharubati ya tende. Watu huinuka kitini ndipo wakagundua. Moja inatosha, tena baada ya chakula.

Siku ya 6: Antwerp na Westmalle

Basi la kutoka Antwerp kuelekea Turnhout linapita mbele ya abasia, na ng'ambo ya barabara kuna Café Trappisten. Westmalle ilikuwa abasia kamili mwaka 1836, ikaanza kupika mwaka huohuo. Tripel yao ya mwaka 1934, yenye asilimia 9.5, ndiyo iliyozaa rangi ya dhahabu ya tripel zote zilizofuata duniani. Sufuria zao huchomwa kwa moto wa moja kwa moja badala ya mvuke, na sukari inayogusa chuma cha moto inaungua kiasi cha kuleta ladha ya karameli. Ng'ombe wao wenyewe hutoa maziwa ya jibini. Agiza vipande vyake. Huletwa na haradali. Wenyeji huagiza pia nusu Dubbel, nusu Tripel kwenye glasi moja, na hakuna anayewacheka.

Mchana ni wa kufungasha. Bia haiingii kwenye mzigo wa mkononi kwa sababu ya kikomo cha mililita 100. Iweke kwenye sanduku kubwa, kila chupa ndani ya soksi nene, kisha mfuko wa plastiki, katikati ya nguo, mbali na kingo. Anayeshuka Kuwait asibebe hata moja, ni marufuku. Jibini lifunge kwa karatasi ya nta kisha gazeti. Ukilifunga kwa plastiki ya kubana, ganda halipumui na kufikia siku ya tatu linanuka amonia. Hali hiyo ikikukuta, lifungue saa moja hewani, likwangue ganda, na ndani mara nyingi litakuwa salama.

Ukifika Dar au Mombasa, usiache chupa jikoni kwenye nyuzi 30. Joto hilo huzeesha Orval kwa wiki chache kama ambavyo pishi la Ubelgiji lingeizeesha kwa miezi. Isimamishe rafu ya chini ya friji, gizani, angalau siku tano, masimbi, yaani mashapo ya hamira, yatulie. Itoe nusu saa kabla, ipande hadi nyuzi 12 hivi. Inamisha glasi, mimina kwa mkupuo mmoja bila kurudisha chupa wima, na simama masimbi yanapofika shingoni. Kidole kimoja kinachobaki chini ni hamira. Anayependa humimina kwenye glasi ndogo pembeni, asiyependa huitumia kuumulia mkate.